Walichochimba Chini ya Gati Letu

Jumatatu, 4 Machi

Wameweka uzio. Mbao za kijani, ndefu kuliko mtu, kuanzia mgahawa wa kamba mpaka gati dogo la ziwani. Gati letu! Hapo ndipo nilipomwaga majivu ya Merle, mume wangu, kutoka kwenye ndoo ya bisi, kama alivyotaka mwenyewe. "Usinirudishe Ohio kwenye baridi, Nadine. Niache hapa kwenye raha." Hairuhusiwi, najua. Lakini nusu ya wajane wa mji huu wa Kissimmee wenye tiketi za mwaka za bustani hii ya burudani wamefanya hivyohivyo, na wafagizi wanajua, wanageuza uso tu.

Nimemuuliza mlinzi wanajenga nini. Eti, "Kuna maajabu yanakuja, mama." Maajabu! Ana tabasamu la kupakwa, utadhani keki.

Jumatano, 6 Machi

Duane ameshaanza. Huyu ndiye yule mwenye video za bustani mtandaoni, kofia imejaa beji mpaka inamlemea. Kapanda juu ya benchi na kamera yake kwenye fimbo, anachungulia ng'ambo ya uzio. Anasema ni hoteli ya nguzo juu ya maji. Gwen, rafiki yangu ninayekuja naye kila Jumatano, anasema jukwaa la fataki. Wamebishana utadhani wanagombea urithi.

"Uzio ni wa kijani, Nadine! Hoteli huwa wanaweka wa bluu!"

Nikamwambia atokomee na bluu yake. Mwanamke mzima, ana wajukuu, anasoma rangi ya mbao! Na anajua fika Merle yuko wapi — yeye ndiye aliyenishikia mwavuli siku ile watu wasione. Leo anachekelea. Kinyaa kitupu.

Ijumaa, 8 Machi

Wanakausha ziwa.

Harufu! Nimepanda lile gurudumu kubwa la kuzunguka ili nione, na ukiwa juu unaona kila kitu. Tope jeusi. Miwani, simu, kiatu cha mtoto, meno ya bandia — jamani, meno! Na watu kwenye viti vya jirani wanashangilia, wanapiga picha. Mmoja anatafuna paja la bata mzinga huku mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni. Nilishuka. Soda niliyonunua nimeitupa bila kuionja.

Merle yuko kwenye tope lile. Halafu hao wanatafuna.

Jumapili, 10 Machi

Duane kanishika mkono mlangoni mwa bustani. Anaruka kama mtoto. "Mama, tope lote likiondoka tutajua! Msingi utaonekana!"

Nikachoka. Nikamwambia, Duane, mume wangu yumo humo.

Akavua kofia. Nikafikiri, loo, kumbe ana utu. Kisha kwa sauti ndogo: "Naweza kukurekodi ukisema hivyo tena? Watu watalia, mama. Naapa watalia."

Ptuu!

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda geti la nyuma, la malori. Nimemkuta kijana mmoja wa katapila, Osvaldo, anakula mkate wenye nyama. Mnajenga nini? Akacheka. "Sijui, bibi. Sisi tunachimba tu." Na tope mnalipeleka wapi? "Barabara ya nyuma. Kuna maegesho mapya ya magari, tunafukia."

Maegesho! Merle aliyekuwa akizunguka na gari mpaka aishiwe matusi, anatafuta kivuli! Nimecheka, kisha nikalia mbele ya mkate wa watu.

Nikamwomba tope la chini ya gati, kidogo tu, nimpeleke kwingine. Akaacha kutafuna. "Bibi, la chini ya gati limeshakwenda asubuhi."

Jumatano, 13 Machi

Niko garini, maegesho mapya. Hakuna maegesho, ni marundo ya tope tu. Gwen yuko pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hana la kudhania.

Tungekuwa peke yetu, ningevumilia. Lakini Duane kaja! Sijui nani kamwambia, alitangaza jana bila idhini yangu. Kaja na watu wake, fulana zimefanana, wamebeba maua ya plastiki yaliyonunuliwa duka la bustani, bei bado imening'inia. Wengine wameshaanza kulia mbele ya kamera. Hawakumjua Merle hata kwa salamu.

Gari la kushindilia udongo limesimama, injini inanguruma. Dereva ni kaka yake Osvaldo. Amekuja dirishani mwangu, kavua kofia ngumu, ana haya. "Bibi, mdogo wangu kaniambia. Nionyeshe rundo lipi nisilikanyage. Moja tu. Zaidi ya hapo bosi hataki kusikia."

Gwen ananitazama. Duane ananitazama, na kamera yake.

Nimemwambia dereva asubiri kidogo, kuna kitu naandika. Kaniambia sawa, bibi, lakini usikawie. Nimeteremsha kioo chote nione vizuri. Marundo yote ni meusi, na yote yananuka sawasawa. Nitamwonyesha lipi?