Radhi Unayotaka Niombe

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeanza kukupa nafuu. Mama mwambie salamu zake zimenifika. Mimi mwili hauna neno; ya moyoni ndiyo yaliyonifanya niandike, maana kwenye simu ningelia na wewe ungekata.

Umeniagiza nimwombe kaka radhi kabla sijakanyaga hapo nyumbani, kwa sababu alinitafutia kazi na mimi nikamwaibisha mbele ya wakubwa. Ukasema kiburi ndicho kilichoniponza. Niliyameza yote. Sasa nisikilize na mimi.

Kazi yetu ilikuwa kutunza programu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha iitwayo Java, ambayo hospitali hutumia kufungulia kumbukumbu za wagonjwa. Programu kama hiyo hujiandikia kila inachofanya, na maandishi hayo tunayaita logi. Wewe fundi cherehani utanielewa upesi. Nguo ukiwa bado unaijaribisha hujaa chaki na nyuzi za kushikizia, na unazihitaji. Mteja akija kuichukua, haoni hata alama. Nasi tuna faili mbili za mipangilio: ya ofisini tunapotengenezea, inayoruhusu programu iandike kila kitu, na ya hospitalini, inayoiamuru iandike makosa tu. Mimi ndiye niliyezitenganisha, na kaka alinicheka kwamba najitafutia kazi.

Siku nilipofukuzwa, seva, yaani kompyuta kuu ya hospitali, ilikuwa inaendeshwa kwa mipangilio ya ofisini. Programu iliropoka bila kupumua mpaka diski ya kuhifadhia ikajaa, na kila kitu kikasimama. Foleni ya wagonjwa ilifika nje ya geti, watu wa mapokezi wakihangaika kutafuta kalamu. Mkurugenzi wetu akatuita amevimba kwa hasira, akauliza faili hizo ni za nani. Macho yote kwangu. Nilimtazama kaka, nikijua yeye kama mkuu wa kitengo atasema tukaangalie kwanza. Akasema kwa upole kabisa, utadhani ananitetea:

“Mdogo wangu bado anajifunza.”

Nikaachishwa kazi pale pale, nikapewa mpaka jioni niwe nimekabidhi vitu vyao.

Baba, hapa naomba usome polepole. Programu yetu ikiwashwa, mwanzoni kabisa mwa logi hutaja mipangilio inayotumia na jina la aliyeiwasha. Niliposoma, jina lilikuwa la kaka. Alikuwa akitafuta hitilafu, akawasha mipangilio yenye maneno mengi ili aione vizuri, halafu akasahau kuirudisha ile nyingine. Kusahau si dhambi. Angeniambia tu, ningemsamehe hata kabla hajamaliza.

Badala yake alinifuata kwenye ngazi, akanisihi niufute mstari huo nikiwa bado nina ruhusa ya kuingia kwenye seva. Alisema akiingia yeye ataulizwa, lakini mimi nipo kwenye kukabidhi, hakuna atakayeshtuka. Akaniambia mkewe ni mjamzito, na mimi sina anayenitegemea. Hilo la mwisho liliniuma kuliko kufukuzwa. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaufuta. Nilidhani walau nyumbani atasema ukweli. Kumbe alikuwa ameshakupigia simu.

Kwa hiyo ushahidi sina, Baba. Nimeufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nina neno langu tu, naye ana lake, na lake ulilisikia kwanza. Radhi sitamwomba. Ukiniamini, nipigie, hata kama hutakuwa na la kusema. Usipopiga, nitajua mtoto wako ni yupi.

Nisalimie Mama, na mwambie nakula vizuri. Wifi pia msalimie, lakini barua hii asiione. Yeye hana kosa.

Ni mimi,
Kitindamimba wako