Bei ya Huruma

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti halikusumbui sana asubuhi. Mimi huku sijambo. Bado nipo kwenye tanuri za mikate pale kiwandani, kutwa nzima nanukia hamira.

Mama, kuna jambo nimelizungusha kichwani muda mrefu. Nataka kuiuza nyumba. Tangu mwanao, mke wangu, atutoke miaka minne sasa, ni wewe unayeifagia na kufungua madirisha ipate hewa, ndiyo maana sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Nimeshaongea na yule dalali mwenye kofia, atatundika kibao. Funguo zibaki kwako, sina mwingine ninayemwamini. Atangaze milioni themanini. Chini ya sabini tusishuke, ila hiyo sabini ni siri yangu mimi na wewe, hata dalali asiijue.

Nina jambo natakiwa kulikamilisha kabla ya mwezi wa tano. Kwa sasa naomba usiniulize ni jambo gani. Nitakuambia mwenyewe.

Mwanao.

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti tumeshazoeana, likilalamika nami nalalamika, halafu tunakaa kitako.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Sikufichi, iliniuma. Lakini nyumba ni yako, mliijenga wewe na mwenzako, na nyumba isiyo na mtu inazeeka haraka kuliko mimi. Sasa nisikilize ya biashara.

Dalali alitundika kibao asubuhi. Sijamaliza hata kufuta vumbi, mtu anapiga hodi. Ni nesi wa zahanati ya hapa mtaani na mumewe fundi umeme, aliyekuja na pikipiki yake, ngazi imefungwa ubavuni. Wamepanga chumba kimoja na watoto watatu. "Tumepita tu kuangalia, Mama," wakasema. Lakini yule nesi alipofika jikoni alifungua bomba, akafunga, akafungua tena, nikajua huyu hajapita tu. Mumewe akajifanya hapendi chochote: dari limeshuka, nyaya za kizamani, ukuta wa bafuni una unyevu. Dalali akanikonyeza nisitabasamu. Nikabana midomo kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Sitini na sita," fundi akasema palepale mlangoni.

"Ya nini hiyo, ya dari peke yake?" nikamjibu.

Wakacheka, ila hawakuongeza. Nimewaambia mwenye nyumba yupo mbali, nitamwandikia. Nimeuza vitambaa miaka mingi, na naona hawa wanaitaka kweli. Siwakubalii upesi, lakini siwafukuzi. Wewe unasemaje?

Mama yako.

21 Februari

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari zako, nimecheka peke yangu habari ya jino. Mimi usingizi tu ndio unanipiga chenga siku hizi, na nimepungua kidogo. Usijali.

Mama, wape. Hata kwa hiyo sitini na sita, wape. Najua nilisema sabini, nimebadili mawazo. Tukianza kuvutana watakwenda kwingine, na mimi muda unanibana. Wakiweza kulipa zote kabla ya mwezi wa tano, funga biashara.

Vitu vya mke wangu vilivyobaki kabatini naomba uvitoe wewe. Mimi sitaweza kuja. Ukitaka kuvigawa, gawa.

Unisamehe kwa kukubebesha haya yote.

Mwanao.

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. U hali gani? Nakuuliza kwa kweli, si kwa kutimiza salamu.

Sijawapa. Nesi alirudi mara mbili, ya pili na watoto, wakagombania mbele yangu nani atalala dirishani. Halafu akaja mwenye duka la vipuri vya magari, anataka kuigeuza ghala. Huyo hakutazama dari wala nini. Alipima vyumba kwa hatua, akasema sabini, basi. Dalali akampenda ghafla. Nikawapelekea nesi na mumewe habari kwamba kuna mwingine, na haukuwa ujanja, ni kweli tupu. Nao wakafika sabini, wakaniomba siku chache wajikusanye. Kwa hiyo bei yako imeshapatikana, na wewe ungeitupa.

Hapo ndipo nilipokaa nikawaza. Wewe uliyekuwa ukibishana na mafundi kwa ajili ya kilo ya misumari, leo unatupa nyumba? Hulali. Umepungua. Kuna jambo lenye tarehe, na nisiliulize. Mwanangu mwenyewe alinificha hivi hivi. "Uchovu tu, Mama, uchovu tu," mpaka siku tulipombeba.

Niambie, unaumwa? Ni figo? Ni moyo? Wanataka kukupasua? Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako.

24 Machi

Mwanangu,

Barua yangu ya mwanzo wa mwezi hukuijibu. Nimekwenda posta mpaka karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Kimya chako nimekielewa. Usijichoshe kuandika.

Nimefanya nilichoweza. Niliwaita nesi na mumewe, nikawaambia mwenye nyumba ni mgonjwa, anahitaji matibabu kabla ya mwezi wa tano, na kila kitakachoongezeka kinakwenda kwenye dawa. Sikupanga kulia, ila nililia. Nesi akanishika mkono, akaniuliza dalili zako, nikamtajia kukosa usingizi na kupungua. Akamtazama mumewe. Yule fundi, aliyekuwa anabishania hata kitasa, akasema, "Mama, tutafika sabini na sita. Pikipiki nitaiuza."

Nikamwambia, "Hapana baba, kazi utafanyaje?"

"Miguu ninayo," akasema.

Wiki iliyopita walilipa nusu, ipo benki kwa jina lako. Mwenye vipuri nimemwaga, na dalali amenuna. Cherehani yangu nayo nimeitangaza, kuna mama mmoja ameonyesha kuitaka.

Ule vizuri. Ulale. Ukipata nguvu nitajie hospitali, nije.

Mama yako.

31 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia.

Siumwi. Sina tatizo la figo wala moyo, na hakuna anayetaka kunipasua. Naoa. Ni mwanamke ninayefanya naye kazi, yeye yupo upande wa kufunga mikate. Naye alifiwa na mwenzake. Ndoa ni mwanzoni mwa mwezi wa tano, na tumepata kijumba huku ambacho mwenyewe anataka fedha kabla ya siku hiyo. Hilo ndilo jambo lenye tarehe.

Barua yako ya kuniuliza kama naumwa ilinifikia mapema tu. Niliiweka chini ya mto. Kila siku nikasema kesho nitajibu, na kila nikishika kalamu nakuona umeshika ufagio kwenye kile chumba chetu. Nikajidanganya kwamba bora ninyamaze mpaka nyumba iuzwe, halafu nije nikueleze uso kwa uso. Mama, wakati wewe unalia mbele ya wageni kwa ajili yangu, mimi nilikuwa kwa fundi cherehani, napimwa suti.

Ya kwako ya pili ilipofika niliisoma kwenye foleni ya kuingia zamu. Nilipofika kwenye maneno ya kuuza pikipiki ilibidi nitoke kwenye foleni.

Cherehani usiiuze, nakuomba. Nenda kwa nesi na mumewe ukawaambie ukweli. Warudi kwenye sabini, au hata sitini na sita, watakavyo wao. Humu bahashani nimeweka karatasi yao. Nimewaandikia kwamba aliyekosa ni mimi, na kwamba wewe uliwaambia ulichokiamini.

Sina haki ya kujiita nilivyozoea kujiita.

Mkweo.

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu siwezi kukunyima.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kila nilichoandika nilikichana. Mara moja niliandika mpaka nikatoboa karatasi.

Nilikwenda. Nilimkuta nesi anakunja nguo za watoto, mumewe anakula. Nikasema yote palepale mlangoni, maana ningekaa nisingeweza. Fundi aliacha chakula, akanipita, akatoka nje. Nesi akaniuliza, "Kwa hiyo ni mzima?" Nikasema ni mzima. Akasema, "Afadhali," halafu akaendelea kukunja lile shati moja, akalikunjua, akalikunja. Karatasi yako aliiweka juu ya meza bila kuifungua.

Kesho yake fundi akaja kwangu, asubuhi kabla ya kazi. Nikajua amekuja kudai fedha zake waondoke. Akasema, "Mama, tuanze upya. Kama hatujawahi kuonana." Tukaenda kwenye nyumba, tukaanza upya kweli. Dari, nyaya, unyevu wa bafuni. Akataja sitini na tano, nikamcheka. Nikataja sabini na moja, akavaa kofia yake kama mtu anayeondoka. Nilibishana naye kwa nguvu zangu zote, mwanangu. Nilimwona amechoshwa na huruma, na kama ningemlegezea angejua ni huruma nyingine. Tumeshikana mikono kwenye sitini na nane. Wamemalizia kilichobaki na wameshahamia. Fedha ipo benki, kijumba chako utakipata.

Pikipiki haikurudi. Aliyeinunua ameiuza tena, na huyo wa pili hatumjui. Kila asubuhi fundi anapita dirishani kwangu na ngazi begani, nyaya mkononi, ananisalimia kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Sasa kuhusu wewe. Kuoa si kosa. Miaka minne ni mingi kwa mtu anayerudi kwenye chumba kitupu, na mimi sikukuzalia binti ili ubaki mjane. Ungeniambia mwezi wa pili ningekufokea siku mbili tatu, halafu ningekuuliza vipimo vya mwenzako nimshonee. Nyumba tungeiuza vilevile. Fundi angekuwa na pikipiki yake. Badala yake nilikaa siku zote hizo nakuzika kichwani mwangu, nikijiuliza nitakulaza upande gani wa mke wako. Hilo ndilo linalokataa kushuka kooni. Na mimi pia simo nje ya kosa. Nilikuwa na kimya chako tu mkononi, nikakiuza kama ukweli.

Fanya hivi. Kwenye hizo sitini na nane toa za pikipiki, umtumie fundi mwenyewe kwa jina lake, usipitishe kwangu. Kama kijumba chenu kitakosa chumba kimoja kwa sababu hiyo, kikose, na mwenzako umwambie kwa nini. Fundi atazirudisha. Zitume tena.

Vitu vya mwanangu nimevileta kwangu. Sivigawi. Cherehani ipo.

Harusini sitakuja, na usimwambie mwenzako kwamba naumwa. Mwambie sijawa tayari. Mwakani njooni wote wawili, mje mkae siku kadhaa, nimwone. Ila mkishuka njooni moja kwa moja kwangu. Nyumba ile sasa ina watoto wanaomfungulia mlango kila anayegonga. Usije ukagonga kule kwa mazoea.

Mama yako.