Kijiko cha Baba Mkubwa

Jumanne, 5 Desemba 2000
Mhariri kapiga simu kutoka Seoul. Watoto wasipolia, anasema, kitabu hakisomwi. Basi katika hadithi nimemuua kaka mtu. Bandarini, theluji, meli ya mwisho ikiondoka, tarehe kamili — kazi safi! Jina bado nimeliacha la baba mkubwa, Tae-sik, nitalibadilisha. Mwenyewe alibaki Korea Kaskazini ana miaka kumi na minne, na tangu vita hatujasikia kitu. Kila mlo Baba humwekea bakuli la wali, kalifunika. Yuko njiani, husema. Miaka hamsini njiani!

Alhamisi, 7 Desemba
Baba kasoma rasimu. Niliiacha mezani, mjinga mimi. Kauliza tu: "Nani alikwambia tarehe?"
Hadithi tu hiyo, Baba.
Katikisa kichwa. Haamini: eti kiangazi kizima nimewahoji wazee wa Hamgyong, mkoa wao wa Kaskazini, wameniambia kifo cha kaka yake, leo namficha kwa huruma?
Chakula cha jioni. Bakuli halikuwekwa.

Jumamosi, 9 Desemba
Sokoni Bi Pong-nyeo, muuza samaki, kanidaka mkono. Heri baba yako, amejua! Yeye mumewe aliyebaki Kaskazini humfanyia tambiko la wafu siku aliyozaliwa, maana ya kufa haijui; pengine yu hai huko anamcheka. "Mwanangu, nitafutie na wangu tarehe." Kanipa samaki wa bure. Nimewapokea. Aibu sina.
Baba kaamua: kwa kalenda ya mwezi tarehe yangu inaangukia Jumatatu, ndiyo siku ya tambiko. Jumanne anakwenda kufuta jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wanaongoja kukutanishwa na ndugu wa Kaskazini. Nafasi apewe mwenye ndugu hai.
Nimetunga, Baba! Nimetunga!
"Uongo hukuuweza tangu utotoni," akasema kwa upole, akaendelea kumenya mapea.

Jumatatu, 11 Desemba
Meza tayari. Samaki, mapea, pombe ya mchele. Baba kavaa suti. Mlango kauacha wazi kaka yake aingie — baridi inatuua sisi. Bakuli ni lile lile, kifuniko kimetolewa. Kijiko kikisimamishwa katikati ya wali, basi, mtu ni marehemu; walio hai hawawekewi hivyo. Baba kakishika. Kanipa mimi.
"Wewe ndiye uliyempata. Msimamishie."
Nikasema nimesahau figili jikoni. Naandika huku jikoni, nimesimama. Ningemwambia nini ambacho hajakikataa?
Anaita: "Binti, wali unapoa!" Halafu kwa sauti ya chini, si kwangu: "Vumilia kidogo, kaka. Anakuja."
Figili iko mezani tangu mchana. Kijiko nimekuja nacho —