Kibena Nilichokikataza

Makambako, Jumanne

Mwanangu Agneta,

Nimefika salama, ila upepo wa huku unapenya hata koti. Leo nilimsindikiza wifi yako kliniki ya watoto. Mbele yetu alikuwepo mama mmoja Mbena, na mwanawe wa miaka mitatu asiyesema hata neno moja.

"Unaongea naye?" muuguzi alimwuliza.

"Kiswahili changu kibovu, sista. Na Kibena tulikatazwa, eti kinadumaza akili."

"Sasa kutwa nzima anasikia nini?"

"Redio, ikiwa na betri."

"Nani aliyekukataza kusema na mtoto wako?"

Mama akageuka, akaniona. "Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia, kisha nikamkumbuka. Nilimchapa darasa la nne kwa neno moja la Kibena.

Muuguzi alimwagiza amsemeshe na kumwimbia kwa lugha yake mwenyewe, kila siku. Hakumwahidi kwamba mtoto atasema.

Mwambie mama yako nimeiondoa amri yangu ya kutosema Kibena nyumbani. Amwimbie mwanao Kibena kuanzia leo. Mungu awatunze. Nikirudi nimkute akipiga kelele, hata kwa sarufi mbovu.

Baba yako