Tafaoga Asipige Magoti

Māngere, Auckland
16 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Aperamo,

Leo ni Jumapili, na mwezi huu natimiza miaka kumi na mitano tangu nilipoondoka kijijini kwetu Lotofala nikiwa na mfuko mmoja na viatu vya kuazima. Nimehesabu tena baada ya kutoka kanisani kwa sababu mwanangu Iosua anashikilia kwamba ni kumi na minne. Hesabu hajawahi kuiweza, na aibu ni yangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

U hali gani? Fetuao na watoto hawajambo? Na mama yako, goti lake limepungua kuvimba? Mwambie picha aliyonitumia nimeipata, na kwamba kofia ile ya kanisani inamfanya aonekane kama mke wa mchungaji aliyenyimwa chakula. Atanuna, kisha atanipigia simu kunitukana, na hilo ndilo ninalolitaka. Sauti ya dada yangu akiwa amekasirika hunipa usingizi mzuri kuliko dawa za hospitali.

Sisi huku tu wazima. Sukari yangu inapanda na kushuka, jicho la kushoto limeanza ukungu, lakini kusoma bado nasoma. Magimbi niliyopanda nyuma ya nyumba yametoa majani makubwa ya kujivunia. Ukiyachimbua, chini kuna kitu kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Udongo wa huku unayapenda majani tu.

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Usidhani nimechelewa kujibu kwa kupuuza. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na nimelelewa nikijua uzito wa kumkatalia mtoto wa dada. Umeniambia Tafaoga anaumwa na hatapona. Umeniambia anataka kufanya ifoga, ile toba yetu ya kimila, mbele yangu: aje alfajiri, apige magoti nje ya nyumba ya mama yako akiwa amefunikwa mkeka wa heshima kichwani, angoje mkono wangu uuondoe. Baraza la kijiji limekubali, tiketi mmeshanunua, na kilichobaki ni mimi tu. Nawe umeandika kwa ustaarabu, bila kunisukuma, jambo linalonisumbua zaidi kuliko kama ungenisukuma.

Asubuhi ile bahari ilipotuvamia ulikuwa Apia shuleni, na habari ulizipata vipande vipande, kila mtu akikupa kipande chake. Niruhusu nikupangie.

Kengele yetu, unaikumbuka, ilikuwa mtungi wa gesi mtupu ulioning'inizwa nje ya kanisa, na Tafaoga ndiye aliyekuwa akiugonga kwa kipande cha chuma, alfajiri na jioni. Ukilia, uliko ndiko unakokaa. Mtoto anaacha mpira, mama anapunguza moto, wote wanaingia na kuketi, wimbo unaimbwa, sala inasomwa. Nimewahi kumwona mtu akishuka kwenye mnazi kwa haraka kuliko nazi zake. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma, na wengi wetu tuliwafundisha wengine.

Siku ya tetemeko mimi nilikuwa juu kwenye shamba la magimbi tangu kabla ya jua. Ardhi ilitikisika kwa muda mrefu hata nikakaa chini na kushika mashina, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Ilipotulia, nikasikia kengele.

Tafaoga alikuwa ameamka kwa tetemeko lenyewe. Alitoka nje, akaona maji yamerudi nyuma hadi mwamba umebaki wazi, na badala ya kukimbilia mlimani alikimbilia kengele. Hakuwa na kitu kingine cha kupigia kelele. King'ora hatukuwa nacho wakati ule. Akaigonga, akaigonga, mpaka maji yalipomchukua yeye na kengele na nguzo yake. Walimkuta amenasa kwenye mshelisheli, nyonga imevunjika.

Waliokaa upande wa mashariki, ambao nyumba zao zilitazama mwamba, waliona bahari wakakimbia. Ndiyo kwanza nchi ilikuwa imehamia kuendesha magari upande wa kushoto, basi walipanda mlima kila mmoja na upande wake, na ni ajabu hawakuuana. Sisi tuliokaa nyuma ya kanisa hatukuweza kuona maji. Tulisikia kengele tu. Na watu wa nyuma ya kanisa walifanya kile ambacho kengele huwaambia wafanye. Waliingia ndani wakaketi.

Mama yako alikuwa anatoka dukani. Alipita mbio mbele ya nyumba yangu akamwona mke wangu Sieni ameshakaa kwenye mkeka na jirani yetu bibi Lonise, vitambaa vyeupe vya Jumapili ya Watoto vimekunjwa pembeni. Akampigia kelele, "Sieni, toka, twende juu." Sieni akamjibu, "Kengele imelia, Vaosa, unakimbilia wapi? Nilimwambia alale, mkaidi huyu. Njoo tusali kwanza." Mama yako hakusimama. Asingesimama, na asijilaumu kamwe, kwa sababu aliyesimama hayupo.

Nilipofika chini hapakuwa na chini. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako imenifunulia. Miaka yote hii nilidhani Tafaoga ananikwepa kwa ajili ya kengele, kwamba alipiga ishara ya kutuketisha wakati alitaka tukimbie. Hilo sikuliona kuwa kosa, wala sikudhani mtu mwenye akili angeliona hivyo. Alitumia alichokuwa nacho, na waliookoka mashariki wengine waliamshwa na mlio uleule. Lakini wewe umeniandikia maneno yake mwenyewe: kwamba alfajiri ile alipitiwa na usingizi, hakugonga kengele ya sala kwa saa yake. Angeigonga mapema kama kawaida, watu wangekuwa wameshasali, na mlio wa pili ungewashangaza na kuwatoa nje. Kwa kuwa alilala, wakadhani ni ileile ya sala, imechelewa.

Nimelipima neno hilo kila upande. Amelifikiri sawasawa, na hilo ndilo linaloniuma. Ni hesabu ya mtu ambaye amekaa na jambo moja mpaka amelijua lote.

Ila kuna sehemu hakukwambia, na naamini hajamwambia mtu. Mimi nilikuwepo.

Jana yake kwaya ilifanya mazoezi kwa ajili ya Jumapili ya Watoto, na Sieni, kama unavyomkumbuka, hakuwa mtu wa kuacha wimbo ukiwa na ufa. Tulirudia ubeti uleule mpaka Tafaoga, aliyekuwa akiimba besi nyuma kabisa, akasema, "Mama Sieni, ubeti huu hata malaika wameshaukariri. Tuache tukalale." Kwaya nzima ikacheka. Sieni akamwambia, "Wewe umelala tangu ubeti wa kwanza, tena unakoroma kwa sauti ya tatu." Tukarudia tena.

Baadaye tulibaki watatu mlangoni tukitafuta kandambili zetu, mimi, yeye na Sieni. Tafaoga alikuwa anapepesuka kwa uchovu, maana mchana kutwa alikuwa shambani. Sieni akamwonea huruma. Akamwambia, "Kesho lala. Usiguse kengele asubuhi, watu watajisalia wenyewe. Mchungaji akiuliza, mwambie ni amri yangu." Tafaoga akasema, "Amri ya mwenye kwaya ni kubwa kuliko ya mchungaji," akaenda zake akichechemea kwa kandambili moja, nyingine hakuipata.

Kwa hiyo sasa unaelewa alichomaanisha Sieni alipomwambia mama yako, "Nilimwambia alale." Mama yako alidhani anamsema mtoto fulani. Alikuwa anamsema Tafaoga. Alidhani amekataa ruhusa aliyopewa, ameamka kwa ukaidi wake kuja kupiga kengele ya sala, na aliketi akimcheka.

Fikiria, Aperamo. Neno moja lingemtosha mtu huyu. Angeweza kusema mbele ya baraza, "Ni Sieni aliyenituma nilale." Hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Hakulisema, ili watu wasiseme kwamba mke wangu alijiponza na kuwaponza wengine kwa huruma yake. Amelibeba yeye, kwa nyonga iliyovunjika, na mimi nilikuwa hapa Māngere napalilia magimbi yasiyozaa nikidhani ananichukia au ananiogopa.

Nilikuja huko kijijini mwaka 2013, ulikuwa karibu kumaliza shule. Nilimwona Tafaoga njiani, upande wa kanisa jipya. Aliponiona aligeuka akaenda nyuma ya jengo, taratibu, kwa ile nyonga. Nikamwacha aende. Niliona nimemhurumia. Laiti ningemfuata hatua chache zile, huenda yote haya yangeisha kando ya ukuta ule bila mkeka wala baraza.

Sababu ya kutomfuata, na ya kuondoka kabla ya wiki kwisha, sikumwambia mtu ila mama yako. Jioni yangu ya kwanza kengele ililia. Mtungi mwingine, mlio uleule. Wote nyumbani wakaketi. Mimi miguu yangu ilitoka nje yenyewe. Nilijikuta napanda mlima nikikimbia, mzee mzima, kiatu kimoja mguuni. Vijana wa doria ya sala walinikuta kwenye kona ya barabara.

"Mzee, saa ya sala. Kaa chini," mmoja akaniambia.

Nikamwambia siwezi.

"Mwache, anajiandaa kwa Olimpiki," mwenzake akasema. "Lakini faini ni ileile, katoni ya samaki wa kopo. Ya wakimbiaji."

Walikuwa bado watoto siku ya maji. Sikuwakasirikia. Nilisimama huko juu mpaka kengele ya mwisho. Mama yako alilipa faini, akanimiminia kakao, akasema, "Kaka, umenilia samaki wangu wa mwezi mzima," akakaa karibu nami. Jioni ya pili nilijikaza moyo nikae. Nikakimbia tena. Ya tatu nilikimbia kabla haijalia.

Siwezi kukiomba kijiji kinyamazishe kengele kwa ajili ya mzee mmoja. Ni yao, na sala ni yao. Mimi pia bado nasali kila jioni, kwa saa ya ukutani, ambayo haina mlio.

Sasa nikija baada ya Pasaka kama mlivyopanga, nini kitatokea? Alfajiri nitauondoa mkeka kichwani kwa Tafaoga na kumwambia hana deni nami. Jioni kengele italia, naye ataniona, au atasikia kwa wengine, nikikimbia. Ataamini nini, mkono wangu au miguu yangu? Nimefundisha watoto muda mrefu, najua ni kipi kinachosadikiwa. Nitakuwa nimesafiri kote huko kumthibitishia mtu anayekufa kwamba ni kweli amenivunja.

Na ifoga ni ya mkosaji. Nikikubali apige magoti, nimekubali kwamba kulala kwake kulikuwa kosa, na hapo lazima niulize aliyempa ruhusa alikosa nini. Simwulizi Sieni hilo. Alimwonea huruma mtu aliyechoka. Kama huruma hiyo isingefanyika tena duniani kwa hofu ya bahari, tungekuwa tumepoteza zaidi ya nyumba.

Fanya hivi. Usingoje Pasaka. Ukipata barua hii nenda kwa Tafaoga, mchana, na mama yako. Mbebe chakula, msibebe mkeka. Msomee ukurasa wa mazoezi ya kwaya na wa kandambili, mbele ya watoto wake, neno kwa neno. Mama yako aseme kwa kinywa chake alichosikia Sieni akisema, kwamba alikuwa anacheka. Mwambie nilikuwepo mlangoni, nimesikia, na jina la mke wangu haliharibiki, kwa hiyo autue mzigo huo. Kisha upeleke maneno hayohayo kwa baraza. Akibisha na kutaka kupiga magoti hata kando ya kitanda chake, mama yako amshike mkono amkatalie kwa niaba yangu. Dada ana haki hiyo, na huyu wetu hajawahi kushindwa kumkatalia mtu.

Natamani ningemsikia akicheka besi mara moja zaidi. Basi.

Nisalimie Fetuao na wanao, mchungaji na mkewe, na wajukuu wa bibi Lonise popote walipo huko juu mlimani walikohamia. Ile nafasi ambayo mama yako ameniwekea kando ya kaburi la Sieni, namshukuru, lakini asiendelee kuipalilia kwa ajili yangu. Akipenda iwe yake, Sieni atafurahi kupata wa kubishana naye. Mungu awalinde nyinyi mlio juu na mnaoshuka kuvua, awape mvua ya kiasi na magimbi mazito, na amfupishie Tafaoga maumivu.

Tiketi irudisheni. Nimeipenda nchi yetu kila siku niliyokuwa mbali nayo, na sitarudi.

Ni mimi mjomba wako ninayekupenda,
Perelini