Kaseti Haina Miguu

Kitendawili!

Ungekuwapo, ungeitikia "tega" kabla bibi yako hajavuta pumzi. Haya, mjukuu wangu, mume wangu: mlango unapiga mayowe, ndani mtoto amelala.

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, Cheche wetu, mchomeleaji vyuma, na nyumba imekuwa kimya mno. Grili za madirisha haya ni kazi ya mikono yako. Kila asubuhi bibi akivuta pazia anaona lile ua la chuma lenye jani moja lililopinda. Ulikataa kulinyoosha. "Yaliyonyooka yako dukani," ulisema.

Ulikuwa ukila umesimama. Ulikuwa ukirudi kutoka karakana na mikono myeusi, ukamshika bibi mashavu makusudi, kisha ukamletea kioo ajione. Kitanda cha jirani mjane kilipovunjika ulikiunga siku hiyohiyo, naye hadi leo akilala anakuombea.

Ile kaseti ulipewa na mteja uliyemtengenezea geti. Redio ya bibi ndiyo pekee iliyobaki na mahali pa kuichezesha, ikabidi uombe. Sauti ya kwanza ilipotoka, bibi aliangusha sindano.

"Huyo anachinjwa?"

"Anaimba, mke wangu. Subiri, mbele kuna tarumbeta."

"Tarumbeta la kiyama? Zima!"

Ulizima huku unacheka. Hukuchoka kumbembeleza: "Humo mna kila kitu, ngoma, kwaya, mpaka wimbo wa kulazia mtoto. Kelele ziko mlangoni tu."

Figo zilipokulaza pale sebuleni, uliiomba tena. Haikuonekana. Mama yako alipindua magodoro yote. Dada yako akashukiwa kwamba ameiazima akaipoteza. Akaapa, akalia, asiaminiwe. Ndipo ulipomgeukia bibi.

"Mke wangu, hujaiona kaseti yangu?"

"Kwani kaseti ina miguu?"

Mkacheka wote wawili. Jumanne ukauliza tena. Alhamisi ukauliza kwa sauti iliyokwisha shuka, naye bibi akajitia kutunga uzi kwenye sindano. Jumamosi ukaondoka.

Siku ya mazishi bibi alipiga yowe ambalo hakujua kwamba analo kifuani.

Miezi mitatu baadaye, mchana, wenzake wa nyumbani wakiwa kazini, alifunga mlango akaiweka kaseti ile redioni. Asiulize mtu ameitoa wapi, hilo linakuja. Yowe la kwanza lilimrusha kitini. Akairudisha nyuma, akaanza upya. Zikaja ngoma kama mvua juu ya bati. Likaja tarumbeta lako, refu, la mtu asiye na haraka. Wanawake wakaimba pole pole kama kwaya, kisha gitaa moja likabaki peke yake, likibembeleza. Yule mtu alipopiga yowe tena, bibi alilitambua. Lilikuwa lake, lile la makaburini. Kumbe mtu wa watu hakuwa akichinjwa. Alikuwa amefiwa.

Tangu hapo husikiliza kila Jumamosi, pande zote mbili. Tarumbeta likikaribia huongeza sauti, majirani wagonge ukuta wakichoka. Ulisema kweli, ni muziki mzuri. Kinachomuuma ni kwamba kiti cha pili ni kitupu, na aliyekifanya kuwa kitupu siku zile ulipokuwa bado unaweza kukikalia ni yeye.

Unakumbukwa na mama yako, mjomba wako, mafundi wenzako wa karakana, dada yako ambaye hakupoteza kaseti ya mtu, na bibi yako. Tutakukumbuka daima, kwa kimya na kwa kelele.

Umebaki unadai jibu moja. Bibi yako anakujibu mbele ya wote wanaosoma:

"Haina miguu, mume wangu. Niliiona. Niliogopa yowe lile lisije likakuita kaburini, nikaificha mimi, ndani ya kopo la nyuzi, hatua mbili kutoka ulipolala."