Bolti Aliyoifunga Kaka

Mshauri wangu, nishike mkono kabla sijapasuka, maana jambo hili nimelimeza mpaka chakula hakipiti. Mume wangu ni rubani wa ndege ndogo, na kaka yangu wa tumbo moja ndiye fundi wa ndege hizo hizo, na fundi akishagusa magurudumu ndege huinuliwa kwa jeki, miguu ya magurudumu ikakunjwa na kukunjuliwa mpaka waridhike, na mume wangu husimama hapo akitazama, fundi apende asipende, ila kwa kaka aliacha, akaniambia, "Nikimsimamia shemeji ataona simwamini." Siku hiyo jeki zilikuwa chini ya ndege nyingine, bosi anafoka kwamba abiria wanangoja, kaka akafunga bolti ya mguu wa kulia, ndege isiinuliwe wala kujaribiwa, akajifuta mikono, akasema, "Twende kazi, shemeji!" na mume wangu akaruka huku anacheka. Kwenye kutua mguu ule ukakwama tumboni mwa ndege, ukaizuia na ile mingine isishuke, ndege ikalalia ubavu, bawa likavunjika, mwalimu mmoja abiria akavunjika bega, na mume wangu yuko kitandani, mgongo umevunjika na kutua kule hakukumbuki, hatujui kama atatembea sawasawa, na kampuni inasema alisahau kushusha magurudumu, leseni watamnyang'anya.

Kaka alinililia jikoni kwangu, "Dada, ile bolti niliipachika kinyume," kisha akanawa uso akaenda kumwona mgonjwa, na mume wangu akamuuliza, "Shemeji, hivi kweli nilisahau?" naye huku anamenya chungwa akajibu, "Yanatokea, shemeji. Pole." Mume wangu akamshukuru! Nilitamani kumpasulia sahani kichwani. Mama anasema mume hupatikana, kaka hapatikani, nifunge mdomo. Wachunguzi wanakuja Jumatatu, na kaka yuko kazini kama kawaida. Nifanyeje?

Dada wa fundi, mke wa rubani

Mwenzangu, pole sana. Nimekuonea huruma mpaka nilipofika mwisho wa barua, hapo nikakasirika, na sehemu ya hasira ni yako. Unasema kaka yuko kazini kama vile unaniambia mvua imenyesha. Kazini anafanya nini? Anafunga bolti!

Kukosea bolti ni kosa la fundi, na jeki zipo kwa sababu mafundi hukosea. Bosi aliyewaharakisha atawajibika kwa lake, tena simsamehi hata kidogo. Lakini kumvunja mtu mgongo, kisha ukammenyea chungwa na kumwacha ajilaumu, huo ni unyama. Mumeo alimstahi shemeji yake, akalipa kwa uti wa mgongo. Na wewe unayemlisha uji unamtazama akijilaumu, ukanyamaza. Aibu gani hii?

Mficha maradhi kilio humfichua. Leo, kabla hujapika, piga simu karakana, sema kila gurudumu aliloshika kaka yako liinuliwe kwenye jeki. Kisha kaa kando ya kitanda, mwambie mumeo kwamba hakusahau. Usizungukezunguke. Kaka aende kwa wachunguzi kwa miguu yake, aseme bolti, aseme jeki, amtaje na bosi. Asipokwenda, nenda wewe, na usimwombe ruhusa.

Mama atakuita msaliti. Usibishane naye, ni mzazi wako. Mwulize tu kwa heshima: "Mama, ile ndege aliyoifunga bolti kaka jana, wewe utapanda?"